Mlingoti Ukiwa Nusu Njia

"Na huyu mama ni nani?" Gogo, mama mkwe wa Laurenti, aliuliza, hata hajashuka vizuri kwenye bakkie, pikapu ya mwanawe.

Laurenti alikuwa amepiga goti kando ya trela, anafungua kamba zilizoushikilia mlingoti uliolazwa juu ya mashua. Upande wa pili alisimama Melania, suruali kaikunja mpaka magotini, anakunjua waya za kushikilia mlingoti zisijisokote. Aliposikia swali lile alinyanyua uso akatabasamu. Ndilo alilolisubiri. Leo aliahidiwa jibu lake.

"Huyu?" Laurenti akainamia kamba. "Huyu ni msaidizi tu, mama. Nimemchukua anisaidie kufunga mashua."

Tabasamu la Melania likafa pale pale.

"Anajua Kiswahili?"

"Anajua. Mtanzania."

"Ahaa! Habari ya kazi, mwanangu?"

"Shikamoo, mama," alisema Melania, akapiga goti kidogo.

"Marahaba. Vumilia tu, huyu mkwe wangu ni mkorofi."

"Nimeshaanza kumjua, mama."

Laurenti alijifanya hakusikia. Akashika fundo ambalo tayari lilikuwa limefunguka, akalifungua tena.

Mashua yenyewe ilikuwa ndogo, ya kuvutwa na gari. Laurenti alikuwa fundi cherehani Fordsburg, hapa Joburg, anashona suruali na vifuniko vya turubai. Mzee mmoja aliyehamia ng'ambo ndiye aliyemwachia mashua hiyo. Nomsa, marehemu mkewe, aliipenda kuliko sofa lao. Kila joto likianza, wawili hao waliileta hapa bwawani, wanasimamisha mlingoti, wanabishana, wanacheka. Kisha Nomsa akaugua. Alifia kwenye benchi ya kliniki, kadi yake mkononi, akisubiri kuitwa, na wakubwa wa kliniki ile wako ndani kwenye mkutano wanakunywa chai. Hakuna aliyeulizwa. Hakuna aliyefukuzwa. Mtu mdogo akikosea anafukuzwa siku hiyo hiyo. Mkubwa akiua kwa uzembe anahamishiwa ofisi yenye kiyoyozi.

Tangu hapo mashua ilikaa uani, imefunikwa kama maiti. Aliyeifunua ni Melania, msusi wa Newtown, mwanamke wa Songea aliyeachika na asiyeomba huruma ya mtu.

"Mashua haiozi kwa maji, Lau," alimwambia. "Inaoza kwa kuwekwa."

Mpango wa leo ulikuwa mwepesi. Sipho, kaka wa Nomsa, angeivuta mashua kwa bakkie yake. Laurenti angesema, "Shemeji, huyu ni Melania, nataka kumuoa." Basi. Asichojua ni kwamba Sipho angekuja na mama yake. Gogo, yaani bibi, kama wote walivyomwita, alikaa Morogoro miaka ya kuwakimbia makaburu, Sipho na Nomsa akawazaa huko, na Kiswahili chake kilikuwa bado na vumbi la kambi ya Mazimbu. Laurenti alipomwona, sura ile ile ya Nomsa iliyozeeka, neno "mchumba" likageuka "msaidizi".

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe. Umetoka kwa mtu aliye upande wa pili wa trela.

"Bosi, mshahara wangu unaingia lini?"

Akajibu: "Nisamehe Mela. Nitakueleza."

"Nieleze sasa hivi. Mdomo unao."

Alipoinua macho, Melania alikuwa ameshaweka simu na kushika waya.

"Bosi, hii nifunge kulia au kushoto?"

"Mela, taratibu..." alinong'ona.

"Bosi, sijasikia. Kulia au kushoto?"

"Kulia."

"Sawa, bosi."

Sipho, mtu wa utani asiyejua moto umewaka, akacheka. "Eish, shemeji! Msaidizi ana adabu huyu! Wa kwangu dukani nikimwita anaongea na simu."

"Mimi simu yangu naitumia kikazi tu, baba," alijibu Melania.

Jua lilikuwa kali. Gogo alikalishwa kwenye kiti cha kukunja chini ya mwavuli, akafungua makopo yake: pap, yaani ugali wa kwao, kuku, na chakalaka, mchuzi wa mboga na pilipili. Akampakulia Sipho, akampakulia Laurenti. Kisha akachukua mfuniko wa kopo, akaweka pap kidogo na shingo ya kuku.

"Mpelekee na msaidizi wako. Akae huko huko, hapa tunataka kuongea mambo ya ukoo."

Laurenti aliupokea mfuniko ule. Hapo hapo angeweza kusema. Badala yake aligeuka. Akatembea nao mpaka kwenye trela, akauweka juu ya bati la tairi, kwa sababu Melania hakunyoosha mkono kuupokea.

"Ahsante, bosi."

"Mela, wallahi nitasema. Acha mama ale kwanza."

"Mwache ale. Njaa mbaya."

Akarudi chini ya mwavuli. Gogo hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Laurenti, mimi siku zangu zimebaki chache, kwa hiyo nasema wazi. Nilikukata kitambaa cha msiba wakati wa Pasaka. Mkono wangu mwenyewe. Nikakiunguza, tukakuosha, wazee wakakuambia uko huru. Si kweli?"

"Kweli, mama."

"Sasa mbona hujaleta mtu? Nyumba bila mwanamke inageuka stoo. Sipho anasema unakula mkate na soda. Nomsa hawezi kufurahi huko aliko, mumewe anakula mkate na soda!"

Nyuma yao waya ulianguka kwenye saruji, ngriii.

Laurenti hakuthubutu kugeuka. Simu ikatetemeka.

"Pasaka? Na kile ulichovaa Jumapili iliyopita kwangu ni cha nani?"

Hapo ndipo aibu ilipomshika Laurenti shingoni. Desturi ya ukweni ni hiyo: mfiwa hushonewa kitambaa cheusi mkononi mwa nguo, na mpaka wakubwa wa familia wakikate, hawezi kuoa wala kuposa. Melania aliiheshimu. Kila alipouliza, "Lini, Lau?", yeye alimnyooshea mkono wa koti, kitambaa kile kinaonekana. "Si mimi, mpenzi. Wazee hawajaniachia. Unajua wakubwa walivyo."

Na kumbe walikwisha kumwachia. Alichofanya ni kukata kipande kingine dukani, kukiweka chini ya sindano ya cherehani, na kukishona pale pale kilipokatwa. Kazi safi, mshono hauonekani, fundi bwana. Koti lile alilivaa akienda kwa Melania tu. Wakubwa wa dunia hii wametutenda mengi, na laana zao wanazo. Lakini hili hawakulitenda wao.

"Mama, acha... acha tusimamishe mlingoti kwanza," alisema, akainuka na sahani haijaguswa.

"Nije nisaidie, shemeji?" Sipho aliuliza.

"Kaa, baba," Melania alimjibu kabla yake. "Hii kazi ya msaidizi."

Laurenti aliangalia juu kama desturi: waya za umeme hakuna, matawi hakuna. Kitako cha mlingoti kilikuwa tayari kimepigwa pini kwenye kiti chake, waya za pembeni zimefungwa kulia na kushoto. Ilibaki ya mbele. Melania alipanda nyuma ya mashua, akauweka mlingoti begani. Laurenti alisimama chini, mbele, kamba mikononi. Kazi yenyewe ni hiyo: mmoja anasukuma kutoka nyuma, mwingine anavuta kutoka mbele. Mmoja akiachia, mlingoti unamwangukia mwenzake.

"Twende! Moja, mbili..."

Ukapanda. Begani. Kichwani. Mikono ya Melania ikanyooka, mlingoti umelala hewani nusu njia. Akasimama hapo.

"Sukuma, Mela!"

Chini ya mwavuli, Gogo akaacha kutafuna. "Mela?"

"Mela ni nani, bosi?" Melania aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka majini.

"Tafadhali. Mlingoti mzito."

"Uzito wake naujua, uko juu yangu. Nimeuliza: mimi ni nani?"

"Tukimaliza tutaongea."

"Tukimaliza utavaa koti."

Kamba ilikuwa inamkata Laurenti viganja. Kuiachia hawezi. Kukimbia hawezi. Watu waliokuwa wakitembeza mbwa wakasimama. Kijana mmoja na mkewe, waliokuwa wanashusha kayaki, mtumbwi wao mdogo, wakaiacha nusu juu ya gari.

"Sipho, njoo ushike hapa!" Laurenti akaita.

Sipho akainuka.

"Sipho!" Gogo alimkemea bila kumtazama. "Kaa chini. Huyu mama ameuliza swali."

Mlingoti ukatikisika.

"Ni mchumba wangu," Laurenti alisema.

"Sisikii. Upepo."

"Ni mchumba wangu!"

"Mwambie mama. Mimi najijua."

"MAMA!" Sauti ilimtoka kama ya mtu anayezama. "Huyu si msaidizi! Ni Melania! Nimemposa mwenyewe kwa mdomo wangu! Kitambaa ulikikata, nikashona kingine! Nimemwambia ni ninyi mnanizuia! Hamkunizuia! Ni mimi!"

Jasho na machozi vilichanganyika usoni na hakuwa na mkono wa kufutia.

Gogo aliuliza polepole, "Kwa nini, Laurenti?"

"Naogopa, mama."

"Unamwogopa nani?"

"Nomsa alikufa kwenye benchi. Hakuna aliyeomba radhi mpaka leo. Hasira ile ndiyo imebaki yangu na yeye. Nikioa, nikacheka, nikala vizuri, wale watu wa kliniki si nitakuwa nimewasamehe? Nani atabaki kuwakasirikia?"

Melania, mikono juu, jasho likimtiririka mpaka viwikoni, alimtazama machoni.

"Hilo ungeniambia, Lau," alisema, na sauti yake safari hii haikuwa ya kutangaza. "Hilo ningelielewa. Tungewakasirikia sote wawili. Wewe ukanipa kitambaa."

"Najua."

"Hujui. Jumapili nilikupigia pasi hilo koti. Nilikizungushia pasi hicho kitambaa kwa heshima, nisikiunguze."

Laurenti aliinamisha kichwa. Aliwahi kuaibika maishani, lakini ile ilikuwa aibu ya kumfanya mtu atamani mlingoti umwangukie.

"Vuta," alisema Melania. Akasukuma.

Mlingoti ukasimama. Laurenti akatia pini ya waya wa mbele. Mara ya kwanza ilimponyoka, mara ya pili ikaingia. Hakuna aliyepiga makofi.

Gogo aliinuka kwenye kiti. Akapita mbele ya mkwewe kama anapita nguzo ya robot, taa za barabarani, akaenda mpaka kwenye trela. Akaukuta mfuniko juu ya bati la tairi, pap imekauka pembeni, shingo ya kuku ina nzi.

"Nani amemlisha mwanamke wa nyumba yangu kwenye tairi?" aliuliza.

"Mama, ni mimi nilipeleka..." Laurenti alianza.

"Wewe nyamaza. Mimi ndiye nimepakua." Akafukuza nzi. "Nilifika Morogoro na mimba, sina godoro, mama wa jirani nisiyejua hata jina lake akanilisha sahani moja na watoto wake. Leo nampa mwenzake chakula cha mbwa. Umenitia aibu uzeeni, Laurenti. Sijui nitakusamehe lini."

"Ni haki yako, mama."

"Sipho, lete kopo lote!"

Sipho akalileta mbio. Gogo akajikalisha kwa shida kwenye chuma cha trela, akapigapiga nafasi pembeni yake.

"Shuka, mwanangu. Njoo tule."

"Mama, mikono yangu ina grisi."

"Na yangu ina aibu. Nawa, tule."

Melania alishuka. Wakala kutoka kopo moja, mabega yamegusana, bila kumkaribisha mtu. Laurenti alibaki amesimama na kamba yake. Sipho akamsogelea, akamnong'oneza, "Shemeji, leo umejimaliza."

"Najua."

"Lakini mwanamke unaye. Wangu angeniangushia mlingoti."

Gogo alikuwa anamhoji Melania. Wa wapi? Songea. Watoto? Mmoja, yuko kwao. Ndugu hapa Joburg? Kaka, Mselem, yuko Mayfair.

"Huyo kaka nimwone lini?"

"Mama, mimi sijasema ndiyo."

"Sijakuuliza ndiyo. Nimeuliza kaka. Hata ukikataa, nataka nikamwombe radhi kwa kukulisha vile."

Melania alicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu asubuhi, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Jumamosi yupo."

"Sipho, Jumamosi Mayfair."

"Sharp, mama."

Ndipo Melania alipofinyanga tonge, akachovya kwenye chakalaka, akanyoosha mkono kuelekea kwa Laurenti, uso kautazamisha bwawani.

"Kula. Kazi bado."

Laurenti alilipokea kwa mikono miwili. Akalila amesimama. Akashika henza, kamba ya kupandishia tanga, akaichungulia kama imepita sawasawa, akarudi nyuma ya trela. Sipho akawasha bakkie, matairi yakaanza kurudi nyuma kuelekea majini. Melania akaja akasimama pembeni yake, akashika upande wa mashua.

"Pale majini kuna watu wengi," alisema.

"Nawaona."

"Wakiuliza mimi ni nani?"

"Nitawaambia."

"Hapana, Lau. Utawaambia kabla hawajauliza."

Maji yalimfika Laurenti magotini. Kijana wa kayaki alikuwa karibu zaidi kuliko wote. Laurenti akakohoa, uso unawaka moto, akamwelekea yeye kwanza.