Turubai Juu ya Paa

Fundi baiskeli aliaga nyumbani asubuhi, kama kawaida. Mkewe alikuwa tayari kwenye cherehani. Mama mkwe alikuwa jikoni, akigombana na kuni mbichi.

"Mkwe wangu, chai umeiacha ikamwagika tena," alisema. "Wewe hata maji huwezi kuchemsha!"

Fundi alicheka, akaenda zake.

Saa nne mto ulifurika. Fundi alikimbia kurudi, lakini akakwama kwenye uwanja wa shule. Mbele yake barabara haikuwepo tena. Yalikuwepo maji tu. Alipiga simu ya mkewe. Haikupatikana.

Uwanjani alimkuta jirani yake, mfanyakazi wa kikosi cha uokoaji. Mtaani walimwita Dada Redio, kwa sababu hanyamazi. Leo alikuwa kimya. Alishika rimoti ya droni, ndege ndogo isiyo na rubani, na kutazama kioo chake kidogo.

"Dada, nyumba yangu ni ile ya nyuma ya kinu cha kusagia. Wamo wawili. Mama mkwe hawezi kukimbia!"

"Tulia, kaka. Boti ya waokoaji ni moja, na mkondo ni mkali. Tunaipeleka palipo na watu. Droni inatangulia kuwatafuta. Kamera yake inaona joto la mwili. Mtu anaonekana kama doa jeupe."

Fundi aliinama. Aliliona paa lake. Maji yalikaribia ukingo wa bati. Hapakuwa na doa lolote.

"Paa ni tupu," Dada Redio alisema polepole. "Labda wamehama. Inabidi niipeleke droni mtaa wa pili."

Fundi alikisogelea kioo. "Ee Mungu, usiniache," alinong'ona. Akatazama tena. "Ngoja! Kile cheusi pembeni ni nini? Ni turubai la kufunikia cherehani! Nani amelipandisha juu?"

Hapo akakumbuka. Mwezi uliopita droni ya wapima ardhi ilipita. Watu walisema inahesabu nyumba za kubomolewa na kuwapiga picha wenyewe. Yeye mwenyewe alimwambia mkewe, "Ukiisikia, jifiche."

"Dada, mimi ndiye niliyewaambia wajifiche!"

"Basi wewe ndiye utakayewatoa. Turubai zito linazuia joto, ndiyo maana hatuwaoni. Droni ina kipaza sauti. Sema hapa. Upesi!"

"Mke wangu! Ni mimi! Tokeni!"

Turubai halikusogea.

"Mama! Si wapima ardhi! Ni mkwe wako!"

Maji yaligusa bati.

"Mama! Ni mimi, yule asiyeweza hata kuchemsha maji!"

Pembe ya turubai ikainuka. Likatokea doa jeupe. Kisha la pili. Fundi akalia mbele za watu, wala hakuona haya.

Kwanza ilitumwa boti ndogo isiyo na mtu. Dada Redio aliiongoza kwa rimoti mpaka kwenye paa. Ilibeba majaketi ya kuelea na kamba.

"Vaeni, fungeni mikanda yote," alisema kwa kipaza sauti. "Msishuke majini. Kaeni wazi, tuwaone."

Kisha boti ya waokoaji ikafuata njia ambayo droni iliiona kuwa salama. Baada ya nusu saa, wote wawili walikuwa uwanjani, wakitetemeka.

"Nilijua ni wewe," mama mkwe alimwambia fundi. "Neno lile nililisema jikoni. Wapima ardhi wangelijuaje?"

Maji yalipokauka, mke wa fundi alishona vitambaa vikubwa vya rangi ya machungwa. Kila nyumba ilipata kimoja cha kupungia. Dada Redio alipita mlango kwa mlango akieleza: ukiisikia droni wakati wa mafuriko, usijifiche. Toka chini ya turubai. Punga.

Mvua zilizofuata, nyumba tatu zilizingirwa na maji. Droni iliwaona wote mara moja. Hakuna aliyepotea.

Siku hizi kikosi hufanya mazoezi kila mwezi. Droni ikilia tu, mama mkwe huwa wa kwanza uani na kitambaa chake.

"Mama, leo ni mazoezi tu," fundi humwambia.

"Niache," hujibu, akipunga. "Acha izoee sura yangu."