Mkono Juu ya Gia

Haya hayakumpata mtu wa mbali. Yalimpata shangazi yangu, na mpaka leo ukimwambia kwamba aliota anakuonyesha mlango. Yalianza asubuhi ya kawaida kabisa, siku ya kazi, jua limeshapanda na fundi ameshakunywa chai yake. Shangazi alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu mlangoni mwa gereji, anakanda goti lake la kushoto, anangoja aambiwe gari lake linaumwa nini.

Lilikuwa gari refu la rangi ya vumbi, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, gia za mkono. Walilinunua pamoja na mumewe, aliyekuwa dereva wa lori la kampuni. Yeye ndiye aliyemfundisha shangazi kuendesha, na siku ya kwanza aliweka mkono wake juu ya mkono wa mkewe kwenye gia. Hakuutoa tena. Shangazi alipata leseni, ikapita miaka tisa, na bado kila wakipanda pamoja ule mkono ulikuwa pale pale. "Bado sikuamini," mume alikuwa akimwambia huku akicheka. Shangazi alicheka naye, kwa sababu alimpenda.

Kisha mume akafa. Lori lilimshinda kwenye mteremko ambao madereva wanauita Shika Roho. Watu walisema breki zilikataa, lakini shangazi alijua zaidi ya hapo. Madereva wa barabara ile wana mtindo wao: wakifika kileleni wanachomoa gia na kuliacha gari lijiporomokee lenyewe, ili lisile mafuta. Wanaita kushuka frii. Mumewe alikuwa bingwa wa frii. "Gia ni ya kupandia," alikuwa akisema, "mteremko ni frii." Siku hiyo lori lilikuwa limejaa saruji, na breki ziliachiwa kazi ya mlima mzima mpaka zikawaka.

Baada ya msiba shangazi alilitafutia gari kazi. Akapata ya kupeleka chanjo kwenye zahanati za ng'ambo ya milima, mara mbili kwa wiki, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inawalisha yeye na binti zake wawili. Hakuna njia ya kwenda huko isipokuwa Shika Roho. Na sasa kila akishuka, gia ilikuwa inachomoka yenyewe na kukaa frii.

Fundi alitoka chini ya gari akijifuta mikono.

"Mama, nimeifungua giaboksi yote. Meno mazima, springi nzima. Sioni kitu cha kubadilisha. Ngoja nikalijaribu kwenye kile kiteremko cha nyuma."

Aliondoka anapiga mluzi. Aliporudi alikuwa ameubana mkono wa kushoto kwapani kama mtu aliyeungua.

"Mama," alinong'ona. "Nani mwingine huwa anaendesha gari hili?"

"Mimi peke yangu."

"Kuna mkono. Umekaa juu ya wangu. Mzito, wa baridi. Nimesukuma gia, na wenyewe ukavuta. Kidole cha shahada ni kifupi. Hakina ncha."

Fundi alikuwa mgeni mjini. Hakuwahi kumwona marehemu, wala hakujua kwamba ncha ya kidole chake ilikatwa na feni ya injini kabla hata hajaoa. Wiki tatu nzima shangazi alikuwa ameubeba mkono ule peke yake, hajamwambia mtu, asije akaambiwa huzuni imemgeuza akili.

Fundi alikwenda pembeni akafunua turubai. Chini yake kulikuwa na giaboksi nyingine, kubwa zaidi, imetoka kwenye gari la aina ile ile.

"Tuweke oto, inayobadilisha gia yenyewe. Nilitaka kukushauri tangu mwanzo kwa ajili ya hilo goti. Sikatai, manyuo, hii ya gia za mkono, ina raha yake. Ikikufia porini unaitengeneza kwa spana mbili na matusi. Oto ikikufia, unalala hapo hapo. Lakini kwenye mchanga oto haipotezi mwendo, kwenye mawe inapanda taratibu, na mguu wako wa kushoto unapumzika." Akashusha sauti. "Na gia zinajibadilisha humo ndani, kwenye mafuta. Huyo hatakuwa na pa kushika."

Shangazi alikuwa amefungua kinywa akubali. Ni kweli, alitaka kukubali. Alikuwa amechoka na alikuwa anaogopa. Lakini nyuma yake mtu akacheka, na alipogeuka alimwona shemeji yake, mdogo wa marehemu, mikono mfukoni.

"Oto? Ndiyo maana wahenga walisema, mzoea vya kunyonga vya kuchinja haviwezi. Shemeji, hili ni gari la kaka. Kama gia zimekushinda, sema tu, hakuna atakayekulaumu. Gari lirudi kwa wanaume wa ukoo, na wewe tutakutafutia kazi ya kukaa."

Basi hapo ndipo goti lilipoacha kuuma. Shangazi aliinuka kwenye lile tairi.

"Fundi, funga giaboksi ile ile."

"Lakini mama..."

"Funga. Oto nitaiweka siku nitakayotaka mimi. Siiweki kwa sababu marehemu ananifukuza, na siiachi kwa sababu aliye hai ananicheka." Akamgeukia shemeji. "Kesho saa tatu asubuhi nashuka Shika Roho na gia zangu za mkono. Panda uone. Nikishindwa, funguo ni zako. Nikishuka na kupanda, nisikusikie tena."

Shemeji alikubali, fundi akiwa shahidi.

Kesho yake masanduku ya chanjo aliyaacha nyumbani. Kufa na ubishi wake ilikuwa haki yake, kuwapotezea watoto wa watu chanjo haikuwa haki yake. Shemeji alikaa kiti cha mbele na kuongea njia nzima: namna kaka yake alivyokuwa akikata kona na lori, namna wanawake wanavyochoma klachi. Shangazi hakujibu. Jua lilikuwa kali, anga jeupe, barabara haina mtu. Hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba ni giza lililowadanganya.

Kileleni alipunguza mwendo na kutia gia namba mbili.

Hapo shemeji akanyamaza katikati ya neno.

Alikuwa anatazama mkono wa shangazi kwenye gia. Ngozi ya mgongo wa mkono ilikuwa imebonyea mahali panne. Vidole vinne. Kimoja kifupi.

"Shemeji," alinong'ona. "Nani amekushika?"

"Unamjua."

Gari lilikuwa linakwenda mwendo wa mtu kutembea. Shemeji alifungua mlango akaruka, akaanguka majanini na kiatu kimoja. Mlango ukajibamiza. Shangazi angeweza kukanyaga breki pale pale. Aligeuza macho mbele akaanza kushuka.

Kona ya kwanza gia ilitulia. Injini ilikuwa inanguruma, inalizuia gari vizuri, kama inavyotakiwa.

Kona ya pili mkono ukawa mzito.

Kona ya tatu ukavuta.

Gia ilichomoka. Mngurumo ukakatika ghafla, na gari likawa jepesi. Ukimya ule ndio uliomtisha kuliko mkono wenyewe. Upepo tu. Na matairi. Mshale wa mwendo ukapanda. Arobaini. Hamsini. Alikanyaga breki, gari likapungua, halafu likakataa kupungua. Harufu ya kuungua ikaingia dirishani.

Sikioni mwake, karibu kabisa, sauti aliyoijua ikasema:

"Frii."

Alikanyaga klachi, akasukuma gia. Haikwenda. Goti lilikuwa linawaka moto. Vidole vile vilibana mpaka mifupa ya mkono wake ikagusana.

"Mteremko ni frii," sauti ilisema. Kwa upole. Kama zamani, ikimfundisha.

Sitini na tano. Kona iliyofuata ilikuwa ile yenyewe. Ukuta wake wa mawe ulikuwa na pengo jipya, upana wa lori.

Shangazi aliliona lile pengo, na anasema woga ulimtoka wote kwa mara moja, ikabaki hasira. Hasira ya mjane aliyeachiwa binti wawili kwa sababu ya lita tano za mafuta. Machozi yalimtoka. Hakunong'ona. Alipiga kelele mpaka kioo kikatetemeka.

"Wewe ulishuka frii! Ulifika wapi?"

Vidole vikazidi kubana.

"Nijibu! Ulifika wapi?"

Mkono ulilegea. Kidogo tu, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hajawahi kuulizwa. Kidogo kile kilimtosha. Aliachia klachi, akavuta resi mpaka injini ikapiga yowe, akakanyaga klachi tena, akasukuma. Gia namba tatu ikaingia. Gari likatikisika lote, likajizuia, mshale ukashuka. Akatia namba mbili. Alipita kona ile pembeni kabisa mwa pengo, gurudumu likarusha kokoto zilizodondoka chini kwa muda mrefu bila kusikika zikifika.

"Toa mkono," alisema, safari hii kwa sauti ya kawaida. "Najua kuendesha."

Na mkono ukatoka.

Chini ya mlima alisimamisha gari na kulia mpaka akachoka. Alilia kwa hasira, na alilia kwa sababu alimkumbuka. Kisha akageuza, akapanda. Alimkuta shemeji kileleni ameketi juu ya jiwe, kiatu mkononi. Aliingia kiti cha nyuma bila kuambiwa, na njia nzima ya kurudi hakuongea hata neno moja. Habari ya gari la ukoo haikusikika tena.

Miezi minne ikapita. Gia haikuruka tena. Shangazi alishuka Shika Roho mara mbili kwa wiki, mkono wake peke yake juu ya gia, mpaka asubuhi moja aliyoamka na goti limevimba kama papai. Akaenda gereji.

"Fundi, ile oto bado ipo?"

"Ipo. Kwani amerudi?"

"Hajarudi mtu. Nimetaka tu."

Fundi aliifunga, akaipima, akabadilisha na mipira ya kukanyagia miguu sakafuni kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imechakaa. Shangazi alisukuma kiti nyuma, akaunyoosha mguu wake wa kushoto, akacheka peke yake. Kwenye mteremko alikuwa anaifungia namba mbili, gari linashuka taratibu bila kuzidi mwendo, na yeye anaimba. Aliyesema oto ni ya waliokubali kushindwa hajawahi kumwona shangazi yangu akishuka mlima.

Wiki ya tatu alilipeleka gari kubadilisha mafuta ya injini. Fundi alikuwa anafagia vumbi ndani, akaacha. Alikaa ameinama kwenye mlango wa abiria kwa muda.

"Mama, njoo." Alikuwa ananong'ona tena. "Nani anakaa upande huu?"

"Hakuna. Chanjo zinakaa nyuma, na mimi sibebi abiria."

Fundi alinyoosha kidole tu.

Mpira mpya, wiki tatu tangu uwekwe, ulikuwa umeliwa mahali pamoja. Kisigino, na mbele yake kitako cha kidole gumba. Unyayo wa mguu wa kulia wa mwanaume, umezama mpaka bati la chini limeonekana, na bati lenyewe limeanza kubonyea. Umezama vile ambavyo abiria mwoga hukanyaga, gari linapoteremka na usukani hanao yeye.

Shangazi aliuangalia ule unyayo. Nywele zilimsimama, hilo halikatai. Kisha akasimama wima, akakung'uta vumbi kwenye sketi yake.

"Weka mpira mwingine," alimwambia fundi. "Na mwache aendelee kukanyaga. Upande huo hauna breki."