Kuran ya Kumi na Mbili

Mlango wa godauni la Nyakabiga uliondoka na bawaba zake.

Assia aliingia nyuma ya bastola yake ya Makarov. Nje jua la adhuhuri linachoma. Ndani giza kama tumbo la nyangumi. Wanaomjua jasusi huyu wanaapa kwamba aliwahi kunusa waya unaoungua ng'ambo ya ziwa.

Siku hiyo alinusa damu kwanza.

Armel, mwenzake kazini, alilala sakafuni. Risasi moja. Amekwisha.

Kwenye kiti cha chuma alikaa Ilias, fundi magari aliyewaletea siri za magendo ya dhahabu. Waya wa jiko la umeme ulimzunguka kifua, shati linatoa moshi. Ulitoka kwenye sanduku chini ya kiti, lililochomelewa pande zote.

"Usikate, dada."

Akaeleza kwa pumzi fupi. Vainqueur, mgeni mwenye pasipoti tatu, alimfunga huku akijisifu: umeme ukipungua, baruti inaitika. Ukizidi mno, fyuzi inakatika, na baruti inaitika vilevile.

"Alisema nini tena?"

"Aliambia shofa wa gari yake: kuran ni kumi na mbili."

Kuran, kwa Kifaransa, ni mkondo wa umeme: ampea kumi na mbili, basi. Ilimpasa Assia kuupa umeme njia nyingine, inayokula sawasawa na ule waya, ndipo akate. Akaubana waya kwa kipimo chake cha Fluke, kile cha koleo kinachosoma ampea.

Tatu.

Akakipiga kofi.

Tatu.

Kipimo kimekufa, akawaza, na mkono ukaenda kwenye taa kubwa za gari alizobeba mkobani, za kula ampea kumi na mbili.

Ukasita.

Mtaani kwao Buyenzi, taa ikififia, mama hulalamika kwamba kuran iko kidogo. Nani kule husema volti? Mjini humu kila kitu cha umeme ni kuran, hata bili yake. Neno moja, na nusura limzike mtu.

"Ilias. Kuran gani? Ya batri, ama yenye inatembea mu waya?"

"Ya batri, dada. Ingine mi naijulia wapi?"

Volti kumi na mbili. Ampea tatu. Gawanya: omu nne. Zidisha: wati thelathini na sita.

Alikimbilia gari lake, Probox, akang'oa ampuli za taa zake: ya breki, wati ishirini na moja, ya ndani, kumi, ya kibao cha namba, tano. Thelathini na sita kamili, utadhani kiwanda kilimjua Ilias.

Akazifunga sambamba, akazibana kwenye ncha mbili za waya. Zikawaka.

Akakata.

Baruti haikuitika. Ilias akalia bila sauti, kifua kimechorwa mistari ya moto.

Simu ya Ilias ikaita mfukoni mwake: Vainqueur, akajua Assia, anahakikisha kama baruti imeitika. Assia akainua redio kwanza. Bosi wake, Marcellin, alikuwa mpakani Gatumba, katikati ya umati, akimtafuta Vainqueur, mtu asiyemjua sura.

"Shefu, tazama nani ameweka simu sikioni."

Kisha akapokea simu.

"We... uko muzima?" sauti ikauliza, imekauka.

"Kuran iko, kaka. Ongea polepole, tunakusikia."

Pumzi. Kishindo. Makelele ya watu.

Redio ikakoroma. "Tumemushika. Dhahabu iko mu buti."

Assia alimfunika Armel kwa koti lake. Wategua mabomu walipofika, akawaonyesha sanduku kwa kidole, akavaa miwani yake ya Ray-Ban asije mtu akayaona macho yake, akaiacha Probox isiyo na taa ya breki, akatoka kutafuta basi la Musaga.

Kule, Spéciose, mke wa Armel, alikuwa bado hajaambiwa.