Shingo ya Aune

Jumamosi hiyo, ndugu zangu, mji wetu wa migodi kaskazini mwa Ontario ulikuwa umetulia. Theluji ilijilaza juu ya mapaa kama mgeni asiyeaga. Nyumbani kwa Mzee Veikko Lahtela, mchimba madini mstaafu, kahawa ilikuwa inachemka, mkate wa iliki uko mezani, na kibanda cha sauna, bafu la mvuke, nyuma ya nyumba kimeshika moto. Wazee wetu wenye asili ya Ufini kila Jumamosi hukaa uchi kwenye mvuke wakitatua matatizo ya dunia nzima.

Veikko alikuwa amejiongezea kazi moja zaidi: udaktari. Msicheke kwanza. Bintiye, Riitta, ndiye daktari hasa, wa wagonjwa wa dharura, na alikuwa akifanya utafiti juu ya kizunguzungu. Alitaka kujua, kati ya watu wanaofika hospitali wakiyumba, utamtambuaje upesi mwenye kasoro ndogo ya sikio na mwenye hatari ya ubongo. Wakati wa majani kupukutika, Veikko alipogeuka kitandani dari lilimzunguka kidogo, likatulia. Akigeuka tena, likazunguka tena. Riitta alimchunguza, akamlaza, akamgeuza kichwa huku na huku, akamwinua. Chembe ndogo za sikioni zinazoshika mizani ya mwili, zilizokuwa zimehama, zikarudi mahali pake. Kizunguzungu kikaisha.

"Sasa baba, usije ukamfanyia mtu mwingine," Riitta alimwonya. "Mimi kabla ya kugusa kichwa huuliza maswali na kutazama macho."

"Maswali waachie wenye muda," alijibu Veikko.

Basi benchi la sauna likageuka zahanati. Siku moja jirani yake Eino alipoinuka haraka kwenye joto na kuona giza, alikamatwa, akalazwa, akazungushwa shingo kama kizibo cha chupa.

"Umepona?"

"Nimepona, niachie!"

Nani asingepona, shingo yake ikiwa mikononi mwa mchimba madini?

Jumamosi hiyo Eino alikuwa amefika tayari, taulo begani, mkewe Veikko alipojitokeza kwenye mlango wa jikoni ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Veikko," alisema Aune, "dunia inazunguka. Haitaki kusimama."

Moyo wa Veikko ulishtuka, ila nitawaambia ukweli, ulifurahi kidogo pia. Mgonjwa kaja mwenyewe! Akamlaza kwenye kochi, akamgeuza kichwa. Aune akatapika.

"Dalili njema. Chembe zinarudi."

Akamgeuza tena. Na tena. Alipomkalisha, Aune aliinamia upande kama gunia lisilojaa.

"Mzee mwenzangu," Eino alisema, "mbona hata kukaa hawezi?"

"Eino, hapa nani ana binti daktari, mimi au wewe?"

"Wewe. Si umpigie basi!"

Hapo ndipo palipouma. Kumpigia Riitta ni kukiri kwamba alikatazwa akafanya. Veikko akasema wangoje kidogo, itapita. Kahawa ikachemka hadi ikamwagika jikoni, hakuna aliyeinuka. Kisha Aune akafungua kinywa, na maneno yakatoka yakiburuta miguu: "Nia-chie... kichwa."

Veikko hakuwahi kuisikia sauti ile kwa mkewe. Akachukua simu.

"Baba, anaweza kutembea?" Riitta aliuliza, kabla ya lingine lolote.

"Hata kukaa hawezi."

"Kizunguzungu kinakuja na kuondoka?"

"Hakijaondoka tangu kianze."

"Umemgeuza kichwa?"

"Mara tatu."

Riitta hakufoka, Veikko angependa afoke. "Usikiguse tena. Mlaze kwa ubavu asije akapaliwa. Naita gari la wagonjwa sasa hivi."

Hospitalini madaktari wa zamu walikuta damu iliyoganda imeziba mshipa wa sehemu ya nyuma ya ubongo. Kiharusi. Ubongo ukaanza kuvimba, ikabidi afanyiwe upasuaji. Aune alinusurika kifo, lakini mizani ya miguu yake haikurudi. Sasa anatembea akisukuma kigari cha kujishikilia. Veikko alimuuliza bintiye kama ule muda alioupoteza ndio uliomponza mamake.

"Sijui, baba," alijibu Riitta. "Ila tungekuwa nao, tungeutumia."

Aune alipoweza kusema vizuri, alimwita mumewe karibu na kitanda. "Wewe mwanamume, nimekuvumilia pamoja na kukoroma kwako. Lakini ukinigusa shingo tena, narudi kwa mama yangu."

"Mama yako alishafariki."

"Nitamfuata hukohuko, mradi nikukimbie."

Veikko akacheka, halafu akaona bora atazame dirishani.

FUNZO

Wenzangu, Veikko anampenda mkewe. Kilichomponza ni kupona mara moja na kujiona tabibu. Tiba iliyokufaa wewe ilitanguliwa na maswali juu yako, si juu ya mkeo wala jirani. Kizunguzungu ni jina moja la maradhi mengi. Mtu dunia ikimzunguka ghafla bila kukoma, akashindwa kutembea au kukaa, ulimi ukawa mzito, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Na kama umeshakosea, piga simu na aibu yako usoni. Aibu utaizoea, mgonjwa hana muda wa kuingojea ikutoke.