Siku Jitu Alipotoroka

Kila Jumamosi asubuhi, Nkatha na mama yake waliteremka kutoka ghorofa ya saba na kutembea hadi duka la vyakula vya Kiafrika lililo karibu na kituo cha treni cha Silver Spring, nchini Marekani. Mama alinunua unga wa ugali, sukuma wiki na majani ya chai, kisha akaanza kupiga soga na mwenye duka. Soga hizo zilikuwa ndefu. Nkatha, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, hakuweza kuzingoja kwa utulivu. Aliegemea mguu huu, akahamia ule, akaenda mlangoni, akarudi.

Jumamosi hii alikuwa na wasiwasi zaidi. Shingoni alikuwa amening'iniza kamera ya shule. Mwalimu wa sanaa aliwataka wanafunzi walete, kufikia Jumatatu, picha sita za watu wa mtaani pamoja na wanyama wao. Nkatha alikuwa na tano. Mwalimu alizitazama, akamwuliza kwa upole kwa nini zote zilionyesha migongo na mikia tu. Ukweli ni kwamba aliogopa kuzungumza na watu asiowajua. Aliwavizia kutoka nyuma, akabofya, akatimua mbio.

Aliomba ruhusa ya kutoka nje. Mama akakubali, mradi asivuke barabara.

Kwenye benchi mbele ya duka alikuwa ameketi mwanamke wa makamo, akisoma gazeti. Miguuni pake alilala mbwa mdogo mweupe, kidevu juu ya kiatu cha mwanamke huyo. Hii ndiyo picha ya sita, Nkatha aliwaza. Alinyata kutoka upande wa kushoto, akachutama, akasogeza kamera hadi karibu na pua ya mbwa, akabofya. Mwanga mkali ukamulika.

Mbwa aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kamba ikamponyoka yule mwanamke, na kabla hajainuka, mbwa alikuwa amepenya katikati ya miguu ya wapita njia na kutokomea kwenye kona.

Nkatha alikimbilia dukani, akajibanza nyuma ya magunia ya mchele. Kupitia kioo alimwona yule mwanamke akichechemea huku na huku, akiita. Mama alipomwuliza ana nini, alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hana kitu. Aliwasha kamera, akaitazama ile picha. Jicho la kushoto la mbwa lilikuwa jeupe kabisa, kama lililofunikwa na ukungu. Mbwa yule hakuona upande ule. Hakuwa amemwona akija.

Nkatha aliiangalia barabara, magari yakipita kwa kasi, akashindwa kuvumilia. Alimweleza mama yake kila kitu.

Mama alitua mfuko wake chini. "Twende ukamwambie."

"Mwambie wewe, Mama."

"Mimi sikupiga picha," Mama alisema, akafungua mlango.

Nkatha alisimama mbele ya yule mwanamke, akageuka kumtazama mama yake. Mama akamnong'oneza kwa Kiswahili aseme tu alichokifanya. Yule mwanamke aligeuka kwa mshangao, akawajibu kwa Kiswahili. Alikuwa Mmarekani, jina lake Cheryl, na Kiswahili alikuwa amejifunza chuo kikuu. Mbwa wake alikuwa amempa jina la Jitu kwa mzaha, kwa sababu alikuwa mdogo mno. Nkatha akakiri yote, macho chini.

Uso wa Bi Cheryl ulikuwa umekasirika, na hakuuficha. "Umenitia hofu kubwa, binti," alisema. "Lakini goti langu ni bovu na miguu yako ni mizima. Tangulia, uwaulize watu."

Basi Nkatha akatangulia, Mama na Bi Cheryl wakimfuata polepole. Mtu wa kwanza hakumsikia, kwa kuwa sauti yake ilikuwa ndogo mno. Wa pili alitikisa kichwa na kupita. Kwa wa tatu, Nkatha alimwangalia usoni, akamwamkia, akamwonyesha picha kwenye kamera. Alishangaa kuona kwamba watu walisimama. Dereva mmoja wa basi alimpa maji. Hatimaye kijana aliyekuwa akifuta vioo vya duka la kinyozi alisema amemwona mbwa mweupe akiingia kwenye maegesho ya nyuma.

Walimkuta Jitu chini ya gari jekundu, akitetemeka. Nkatha alitaka kujitupa chini amshike, lakini Bi Cheryl alimzuia. Alimwambia apite upande wa kulia, aseme naye kwanza, kisha aweke kiganja chini na kungoja. Kungoja! Nkatha alihisi mwili mzima ukimwasha. Lakini alingoja. Baada ya muda mrefu, pua yenye ubaridi ikagusa vidole vyake, na Jitu akatoka.

Bi Cheryl alimkumbatia mbwa wake, akafuta machozi. Nkatha akakusanya ujasiri wote aliokuwa nao, akasema kwa Kiswahili, "Bi Cheryl, naomba niwapige picha wewe na Jitu."

"Leo hapana. Bado anaogopa. Njoo kesho baada ya kanisa."

Nkatha akasema asante, akaifuta ile picha ya kwanza ya Jitu mbele ya macho ya Bi Cheryl.

Jumapili Nkatha, akiwa na mama yake, alikutana nao kwenye benchi lile lile. Nkatha alizima mwanga wa kamera, akazungumza na Jitu kwanza, kisha akapiga picha moja tu. Bi Cheryl alikuwa akicheka, na Jitu alikuwa ameinua uso wake.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Mama, ambaye kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani, alisema, "Nina mzee mmoja asiyeona. Kila asubuhi kabla sijamgusa, namwambia jina langu na ninachotaka kufanya. Siku akisema hapana, nangoja. Mtu si kitu cha kuchukuliwa tu, Nkatha, hata kwa picha. Na mnyama naye ni vivyo hivyo. Omba kwanza. Ukikosea, rudi ukaseme."

Nkatha aliushika mfuko wa mama yake upande mmoja, wakapanda ngazi pamoja.