Kiu ya Chumba cha Nyuma

Jioni ile nilitoka kununua barafu. Mifuko miwili, kwa sababu mmoja huwa umeshageuka maji kabla sijavuka reli. Jua lilikuwa limezama na bado joto lilikuwa nyuzi arobaini na mbili. Tangu asubuhi nilikuwa nafundisha kemia watu waliokwisha kuifeli mara moja na ambao, kwa nilivyowaona, hawakuwa na haraka ya kufaulu. Blauzi ilikuwa imenigandia mgongoni. Sikuwa na hamu ya maajabu. Nilikuwa na hamu ya kulala.

Mbele ya nyumba lilisimama gari la Amparo Yescas, fundi wa viyoyozi. Mwenyewe alikuwa juu ya paa na kurunzi, anapima. Mchana hakuna anayepanda mapaa ya Tucson, mji wetu wa jangwani, mwezi wa Julai, labda mwenye ugomvi na nafsi yake.

"Mwalimu!" akaniita. "Hili dubwana lenu lina umri gani?"

"Baba alilipandisha kabla sijazaliwa."

"Basi ni kaka yako. Muage vizuri."

Dubwana lenyewe lilikuwa sanduku la bati lenye feni ndani na magodoro ya nyuzi za mti ubavuni, yanayoloweshwa maji siku nzima. Sote huku tumelelewa na masanduku haya. Yanavuta hewa ya nje, yanaitia unyevu, yanaisukuma ndani, nayo lazima ipate pa kutokea. Kwa hiyo kila nyumba huacha dirisha moja wazi kidogo. Kwetu lilikuwa la chumba cha nyuma. Lilikuwa hilo tu, miaka yote.

Ila mvua za Julai zikianza, hewa inajaa unyevu wake yenyewe, na sanduku linapuliza mvuke wa supu. Mama alikuwa ameshaanguka mara mbili wiki ile. Jina lake Refugio, miaka themanini na mbili, moyo mbovu. Daktari hakuzunguka. "Joto hili likimwangusha mara ya tatu," aliniambia, "sidhani utawahi kumfikisha hapa."

Nikamkuta Mama jikoni, miguu ndani ya beseni. Nikamwagia barafu humo. Amparo akaingia akijifuta shingo.

"Kesho tunaanza saa kumi alfajiri. Na kuanzia kesho, bibi, madirisha yote yanafungwa. Hiki kiyoyozi kipya hakina shughuli na hewa ya nje. Kinavuta ya humu humu, kinaikamua maji, kinairudisha. Inazunguka."

"Funga yote," Mama akasema. "La nyuma liache."

"Ukiacha moja, bibi yangu, utapoza jangwa lote mpaka Sonora, Meksiko."

"Huko nako kuna watu."

Amparo akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, "Kuna mtu aliyefia chumba kile?"

"Fomu yenu ina nafasi ya kujaza hilo?"

"Haina. Ila kwenye nyumba za zamani huwa nauliza. Nikishaziba, nimeziba."

"Hakuna aliyefia ndani," Mama akajibu kabla yangu.

Nilisikia jinsi alivyosema *ndani*. Nilisikia, nikaona uvivu kuuliza. Nalitaja kosa hili kwa sababu ndilo la kwanza.

La pili lilikuja kesho yake. Mafundi wa mji huu hawakai darini baada ya saa nne asubuhi. Huko juu panampika mtu. Kwa hiyo kufikia saa nne Amparo na mumewe Rosendo walikuwa wamemaliza kulaza mabomba ya hewa, wametoboa dari ya ukumbi na kuweka wavu mkubwa wa kuvutia hewa, wameteremsha sanduku la Baba kwa kamba. Wakaondoka. Chumba cha nyuma hawakukigusa, Mama aliwakatalia mlangoni. Nikamsubiri asinzie. Nikateremsha dirisha lile mwenyewe, nikalipiga gundi ya silikoni pande zote nne. Nilikuwa nimechoka kubishana. Ndiyo sababu yote, sina nyingine nzuri zaidi.

Mchana nyumba ikapoa. Nikalala juu ya sakafu ya ukumbi kama mbwa, nikalia kidogo kwa raha.

Mama alipoamka alikwenda chumba cha nyuma. Akarudi. Hakunigombeza.

"Sasa hatatoka," akasema tu.

"Nani?"

Akaomba maji.

Magharibi ilipoingia nilikuwa nasahihisha mitihani mezani. Mashine ilikuwa inavuma polepole darini. Kisha ikaja harufu. Vumbi lililopata tone la kwanza la mvua. Nje hapakuwa na mvua.

Halafu sauti, kutoka kwenye wavu wa ukumbini...

Funda.

Kimya.

Funda.

Mtu anakunywa. Hana haraka, anapiga funda moja moja kama anayeogopa kwamba maji yataisha.

Nikajiambia ni bati linajikunja kwa baridi. Nina shahada mbili, najua bati linajikunja. Nikaendelea kusahihisha. Nikampa mwanafunzi mmoja alama zote bila kusoma jibu lake.

Asubuhi midomo ya Mama ilikuwa imepasuka. Nikampa maji, akanywa jagi zima. Jioni ulimi ulikuwa mkavu kama kitambaa. Siku ya tatu nilimvuta ngozi ya mkono na ikabaki imesimama. Nikamkimbiza hospitali. Wakamtundikia maji, wakaniuliza mara tatu kama nyumbani huwa namnywesha, kwa lile jicho wanalomtazamia binti asiyeolewa anayeishi na mama yake. Kaka yangu Fermín akapiga simu kutoka Denver.

"Mpe maji," akasema.

"Kumbe! Na mimi nilikuwa nampa mchanga."

"Cadia, usinianze."

Nikamrudisha nyumbani siku ya nne. Hospitali walisema ni mzima. Magharibi sauti ikaanza tena, na Mama akawa anakauka mbele ya macho yangu. Najua neno hilo ni zito. Sina jepesi.

Nikampigia Amparo. Alikuja kabla jua halijazama, peke yake, bila utani. Alizunguka nje hadi kwenye kibomba cheupe kinachotokeza ukutani, akachuchumaa, akaingiza kidole.

"Kikavu," akasema.

"Maana yake?"

"Mwalimu, hewa ya wiki hii unaweza kuikamua kwa mkono. Mashine hii ilitakiwa kutoa ndoo mbili kwa siku hapa. Haijatoa tone." Akapiga udongo chini ya kibomba kwa ncha ya kiatu. Vumbi likapanda. "Darini hapavuji, dari yako ni kavu. Kwa hiyo maji yanatoka hewani, yanaingia kwenye sinia la mashine, na kabla hayajafika hapa..."

"Umeshaona hivi?"

"Mara mbili. Mara ya kwanza nilibadilisha mashine nzima, nikajiona fundi." Akainuka. "Uliziba dirisha lipi?"

Tukaenda chumba cha nyuma. Akakata silikoni kwa kisu, tukapandisha dirisha mpaka juu. Joto likaingia kama kofi. Tukasimama ukumbini kusubiri, wanawake wawili wazima, tunatazama wavu.

Funda.

"Hajatoka," Amparo akanong'ona.

"Dirisha liko wazi."

"Nje ni tanuri na humu ni Krismasi ya theluji. Wewe ungetoka?"

Nilicheka. Naye akacheka, akiwa ameshika kisu bado. Kisha akakusanya vitu vyake, akakataa kahawa, na alipofika getini akageuka. "Sikiliza. Mimi natengeneza mashine tu. Lakini yule bibi anajua huyu ni nani. Muulize akiwa bado ana mate ya kusemea."

Nikazima kiyoyozi. Baada ya nusu saa Mama alianza kuhema kwa joto, midomo ikageuka buluu. Nikawasha. Akapata pumzi, na wavu ukapiga funda. Basi nikaelewa nilikofikia. Nikizima, moyo unamuua. Nikiwasha, anakaushwa. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake nikiwa nimeshika kitambaa chenye maji, nikimlowesha midomo, na kila nikiondoa kitambaa midomo ilikuwa mikavu tena.

"Ni nani, Mama?"

"Mtu alitoka upande wa korongo," akanong'ona. "Julai kama hii. Baba yako yuko mgodini. Nilikuwa barabarani napiga soga na jirani yetu Chayo. Wanavuka mpaka, wanatembea siku tatu, nne, jangwani, wanafuata taa... Aliona dirisha. Akapitisha vidole. Hakuwa na sauti, ulimi ulikuwa umemjaa mdomoni. Dirisha likafungwa juu ya vidole vyake." Akafumba macho. "Tulimkuta asubuhi, chini ya ukuta. Pua yake kwenye bomba la bustani. Lilikuwa limefungwa, hakuwa na nguvu ya kulizungusha."

"Ulifunga dirisha."

"Ndivyo nilivyomwambia. Kila magharibi. Alikuwa anaingia na hewa ya sanduku, anakunywa ule unyevu, namwambia ni mimi, nisamehe, na anatoka. Maji ya glasi hakutaka. Hataki kupewa."

"Mama." Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu nani alikuwa wapi. "Ulisema ulikuwa barabarani na Chayo."

Akageukia ukuta.

"Nani alikuwa chumbani?"

Mkono wake, mwepesi kama karatasi, ukatafuta wangu.

"Ulikuwa na miaka minne," akasema. "Nilikufundisha usimfungulie mtu. Ulikuwa mtoto msikivu."

Ningependa kuandika kwamba nilikumbuka vidole. Sikukumbuka chochote, na hadi leo sikumbuki. Watu wanapenda kudai kwamba mwili hukumbuka. Wangu haukuwa na habari.

Magharibi iliyofuata nilimfunika Mama, nikafunga mlango wake, nikasimama chini ya wavu. Nilijiona mjinga. Nilikuwa nimevaa kaptura na fulana ya kliniki ya meno.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi niliyefunga. Muache."

Mashine ilivuma.

Harufu ya vumbi ikanikaribia hadi puani, ikakaa hapo, kama mtu anayemnusa mwenzake kuhakikisha. Kisha ikaondoka.

Kulipopambazuka nilisikia kitu nje. *Tap... tap... tap...* Kibomba kilikuwa kinatoa maji. Chini yake udongo ulishakuwa tope. Nikamtumia Amparo picha, akanirudishia emoji nane za mikono inayopiga makofi na swali moja: *Umefanya nini?*

Mama akapona. Siku ya pili aliomba mayai na pilipili. Siku ya tatu alinilaumu kwamba kahawa yangu ni maji ya kuoshea vyombo. Midomo yake ikawa laini, nikawa nimefurahi kuliko nilivyowahi kufurahi, na nikawa nakunywa. Majagi. Darasani nilibeba galoni nzima, wanafunzi wakanitania kwamba nina ngamia tumboni. Sauti ilikuwa inaniishia kila ikifika saa tisa alasiri.

Nilidhani namficha Mama. Jioni moja aliingia jikoni akanikuta na mdomo chini ya bomba, nimefungulia mpaka mwisho. Akanisubiri. Nilipogeuka alitazama midomo yangu.

"Ulimwambia," akasema.

"Ana haki ya kujua, Mama."

"Haki!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile, hata nilipoacha kwenda kanisani. "Miaka hamsini namdanganya maiti kwa ajili yako, wewe unakuja na haki zako za chuo!"

Akanipita. Akaenda ukumbini kwa fimbo yake, moyo wake mbovu na yote, akasimama chini ya wavu na kunyoosha shingo.

"Anakudanganya!" akapiga kelele. "Umenisikia? Alikuwa mtoto, anajua nini! Ni mimi! Ni mimi niliyefunga!"

"Mama, acha—"

"Nyamaza! Ni mimi!"

"Ni mimi," nikasema kwa kile kilichobaki cha sauti. "Anajua ni mimi."

Fimbo ilimtoka, nikamdaka. Tukabaki tumeshikana, vichwa juu, tunagombania hatia mbele ya kipande cha bati.

Darini mashine ikazimika.

Hakuna aliyeigusa. Harufu ya vumbi ilikuwa imejaa ukumbi mzima, na haikusogea, si kwangu, si kwake.

Nikajaribu kumeza mate. Hapakuwa na kitu cha kumeza.

Nikamtazama Mama. Na yeye alikuwa anajaribu, midomo yake imepasuka tena.