Mlango wa Stoo ya Habibu

IJUMAA, SAA 3:10 ASUBUHI

"Bonyeza," Masumbuko alisema.

Atuganile akabonyeza FUNGUA. Dirisha la programu likaganda, likawa jeupe pee.

Walikuwa watatu, kwenye chumba cha nyuma ya karakana ya kuchomelea, Mbalizi. Masumbuko, bosi. Kalinga, dereva wa gari lao, Noah. Na Atuganile, aliyejifundisha kuandika programu kwa Python kwenye simu. Wiki iliyopita Habibu mwenyewe alimwita amrekebishie kompyuta inayofungua stoo yake ya simu za jumla. Mlango ni wa chuma, unapanda na kushuka kwa umeme, unapokea amri kwa waifai. Atuganile alirekebisha, akaondoka na anwani na namba zote kichwani. Watu wengine bwana! Wanamkaribisha mwizi na soda juu.

Kwa majaribio, laptop ya pili mezani ndiyo iliyojifanya mlango.

"Nini tena?" Masumbuko alifoka. "Jana inakataa, leo inaganda!"

"Jana nilikosea anwani. Laptop ilikuwa inajipigia yenyewe. Leo inapiga vizuri, ila mlango haujibu mpaka umalize kupanda. Dirisha zima linakaa kusubiri jibu, haliwezi kufanya kingine."

"Kwa hiyo?"

"Hiyo kazi ya kusubiri naitenga pembeni. Naipa uzi wake, yaani njia yake peke yake ndani ya programu. Dirisha linabaki huru."

"Likiganda huko, nakuvunja vidole."

Akatoka kwenda kujisaidia. Atuganile akaandika, meno ameyauma. Alimchukia mtu huyu. Miaka miwili iliyopita Mika, kaka yake wa tumbo moja, alikwenda kufanya kazi na Masumbuko. Hakurudi. Masumbuko akamwambia mama yao kijana kapata kibarua Zambia. Atuganile alikuwa shule Iringa, yeye na Masumbuko hawakuonana. Mpaka leo jambazi hili halimjui ni nani. Yeye alitaka kitu kimoja tu: liseme Mika yuko wapi.

"Kwa nini huwa anaingia peke yake kwanza?" alimuuliza Kalinga.

"Anachomoa vile vitu vizuri vizuri kabla hatujaona," Kalinga alinong'ona. "Tunajua wote, tunanyamaza. Mika ndiye pekee aliyemwambia usoni."

"Ikawaje?"

"Kesho yake tukaambiwa kaenda Zambia."

SAA 6:52 MCHANA

Swala ya Ijumaa. Habibu na vijana wake wote wako msikitini, stoo imefungwa kama kila wiki. Noah imeegeshwa uchochoroni, laptop iko mapajani kwa Atuganile.

FUNGUA. Mlango ukapanda. Dirisha halikuganda hata kidogo.

"Safi," Masumbuko alisema, akashuka na mfuko wake mdogo. "Mkae. Nikiita ndiyo mje."

Lile lile tena. Uroho wake haukuwahi kumwangusha, kwa nini leo abadilike?

SAA 6:55

FUNGA.

Mlango ukashuka hadi chini. Ndani hakuna swichi. Habibu aliing'oa baada ya kibarua mmoja kumwibia. Simu ya Atuganile ikalia. Akaiweka kwenye spika, akawasha kurekodi.

"We binti! Limeganda?"

"Halijaganda. Linafanya kazi vizuri sana. Mika yuko wapi?"

"Mika gani?"

"Wa tumbo la mama yangu."

Kalinga akamgeukia, macho yamemtoka.

"Dakika ishirini wanatoka msikitini," Atuganile alisema. "Unawajua wakikukuta humo. Sema."

Mlango ukapigwa mateke. Matusi yakafuata, ya baba na ya mama.

SAA 7:09

"Ubaruku," sauti ilisema, sasa ya chini. "Kuna mashine ya mpunga iliyofungwa. Nyuma yake kisima kikavu. Alinidhalilisha mbele ya watu! Nilimpiga nondo mara moja tu, haki ya Mungu."

"Shetani wewe!" Kalinga alilia. "Mimi napeleka salamu unazonipa, eti zake, kwa mama yake kila mwezi!"

"Nimesema, dada yangu. Fungua. Fungua, nakuomba!"

Ndiyo, leo ni dada yake. Atuganile akaifunga programu, kisha laptop. Alifurahi, na hakuona aibu kufurahi.

Akamwandikia Habibu ujumbe: *Mwizi kajifungia stoo. Ita polisi, usifungue mpaka wafike. Ameua mtu, anatakiwa hai.*

"Twende, dada," Kalinga alisema.

"Nenda. Mimi nina rekodi ya kuwapa."

"Watakufunga na wewe!"

"Najua."

Akashuka, Noah ikaondoka. Atuganile akakaa kwenye ngazi ya stoo, nyuma yake mtu anabamiza chuma, akapiga simu nyumbani.

"Mama, nimempata Mika."

"Jamani mwanangu! Asante Yesu!" Mama alicheka, kisha akauliza haraka, kama anaogopa simu itakatika: "Anakula vizuri huko?"

"Mama," Atuganile alisema. "Kaa chini kwanza."